Mtoki Usiouma

Nimeacha kazi ya spitali baada ya masika yaliyopita, na sikuacha kwa uzee wala kwa ugomvi, ila kwa vidole. Karboli tuliyokuwa tukinawia kila siku imekula ncha za vidole vyangu, hata sasa nikishika punje ya mtama sijui kama nimeshika mtama au hewa. Spitali haina haja na mtu anayepapasa shingo za wagonjwa na kuziona zote sawa. Nilimwambia Bwana Mganga mwenyewe. Akanifumba macho kwa kitambaa, akanipa ukingo wa koti lake niuguse, akaniuliza pana vifungo vingapi. Nikasema kimoja. Kumbe vilikuwa viwili, vimeshonwa pamoja. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, nami nikaenda kuchukua kofia yangu.

Nyinyi vijana mliobaki pale mmeniomba niandike namna ya kufunga bendeji ya kichwa, kwa sababu yangu haiporomoki. Bendeji mtajifunza wenyewe, mkishaona za kwenu zikianguka kwenye uji wa wagonjwa. Mimi nitaandika habari za shingo, maana ndiyo niliyoishika kuliko kiungo chochote, na ndiyo iliyoingia nyumbani kwangu.

Nilifika Morogoro nikiwa mpagazi. Reli haikuwapo, masanduku ya dawa yalipanda kutoka pwani juu ya vichwa vyetu, na langu lilikuwa la chupa, kwa hiyo nilitembea kama bibi harusi. Tulipolala Mikese, mpagazi mwenzangu alishindwa kuinuka asubuhi. Kinena kilikuwa kimevimba. Tukasema ni mtoki, maana kila mtoto wa nchi hii anaujua: ukichomwa mguu, uvimbe hutokea kinenani, ukijikata kidole, hutokea kwapani. Wenzangu walikuwa wameanza kumkanda kinena kwa majani ya moto. Mzee Feruzi, mkubwa wa wasaidizi wa Bwana Mganga, aliyekuwa akiyasindikiza masanduku, akawasogeza kando, akaketi miguuni pa yule mtu, akakagua nyayo, vidole na kucha, mpaka akaona tundu dogo la mwiba kisiginoni. Akautoa.

“Mtoki ni mwana,” akasema. “Mtafuteni mama yake.”

Nikamwomba kazi palepale, kwa kuwa niliiona ni nyepesi kuliko sanduku. Katika hilo nilikosea.

Mzee Feruzi alikuwa mtu wa Bagamoyo, mfupi, mwenye ndevu za mviringo na maneno machache. Alinianzisha kwa kunifunga macho. Juu ya meza alipanga kunde, punje za mahindi, kokwa za ukwaju na changarawe, akazifunika kwa ngozi laini ya mbuzi iliyolowekwa maji, akataka nimwambie kipi ni kipi. Vingine aliviacha vitembee chini ya ngozi, vingine alivigandisha mezani kwa nta. Nilipokosea alinigonga vifundo vya vidole kwa mwiko wa uji. Nilifanya mtihani huo wa ngozi mwaka mzima kabla sijaruhusiwa kumgusa mtu, na nikiwaona leo mnavyomkamata mgonjwa koo kana kwamba mnachagua kuku sokoni, naukumbuka ule mwiko.

Mgonjwa mketishe kwenye kigoda, wewe usimame nyuma yake. Mwambie ainamishe kidevu ili nyama za shingo zilegee. Tumia mikono miwili kwa pamoja, upande mzima ukuambie habari za upande mbovu. Anzia chini ya kidevu, fuata taya mpaka chini ya sikio, shuka na ule msuli mnene unaotoka nyuma ya sikio kwenda kifuani, malizia katika shimo lililo juu ya mfupa wa mtulinga. Usiende mbio. Ukimshika mtu shingo kwa haraka hudhani unataka kumnyonga, na zama zile alikuwa na haki ya kudhani hivyo.

Nasema zama zile kwa sababu shingo zangu za kwanza zilikuwa za wafungwa. Walifungwa mnyororo mmoja, shingo kwa shingo, wakachimba barabara na kubeba mawe, na chuma kikawala ngozi mpaka nyama. Waliletwa kwetu harufu ilipoanza kuwasumbua askari. Nyuma ya shingo na chini ya masikio yao mitoki ilikuwa imejaa, laini, ya moto, ukiigusa mtu anaruka. Tuliosha vidonda, tukafunga bendeji safi, na mnyororo ukarudishwa juu ya bendeji. Siku moja nilimuuliza Mzee Feruzi sisi hasa tunatibu nini. Akasema tunatibu mpaka kesho. Mpaka leo sijapata jibu jingine, na maneno yale bado yananiuma.

Lakini mitoki ile, Mungu anisamehe, ilikuwa mitoki ya kheri. Mtoki unaouma una vita ndani yake, na aghalabu mwili hushinda. Jino bovu litakupa mtoki wa namna hiyo, upele wa kichwa pia, hata funza. Upo mwingine wa watu wa kikohozi kikavu, mingi imeshikana kama karanga ndani ya ganda, hupasuka na kutoa usaha bila joto. Huo nao mtauzoea. Ule wa tatu niliufahamu kwa fundi Makame.

Fundi Makame alikuwa mshoni wa kanzu pale mjini, mcheshi, mwenye meno mekundu kwa tambuu. Hakuketi kwenye mashine yake pasipo kipande cha tambuu na tumbaku shavuni, na alilala nacho. Alikuja kwetu na uvimbe chini ya taya, umekwisha kuchanjwa chale na mganga wa Kihonda na kupakwa dawa. Badala ya kupungua, nyama ilikuwa imefuata chale zile ikatoka nje, mbichi kama uyoga.

“Hauniumi,” alisema. “Hauniumi hata kidogo. Nimekuja kwa sababu unachafua kola za wateja.”

Mzee Feruzi hakuutazama sana ule uvimbe. Alimwambia atoe ulimi, akaushika kwa kitambaa, akauvuta upande. Chini yake, mahali ambapo mtu hajioni, palikuwa na kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka. Fundi Makame hakuwa na habari nacho. Alikuwa akilisikia jambo fulani pale, akidhani ni jino linamkwaruza.

Bwana Mganga alikuwa Mdachi mrefu asiye na subira na watu wazima, ila na ugonjwa alikuwa na subira ya ajabu. Jioni ile alituketisha, akatueleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, nami nakiandika kwa kukinyoosha. Mwilini mna maji mengine yasiyo damu, meupe, yapitayo katika vijifereji visivyoonekana. Njiani yamewekewa vikung'uto vidogo vya kuyachuja, na shingoni viko vingi kuliko penginepo. Uchafu wa kidonda ukibebwa na maji hayo hunaswa katika kikung'uto, nacho hufura. Huo ndio mtoki. Uchafu wa jino hunaswa na kwisha. Lakini ugonjwa huu, mbegu zake zikinaswa haziozi. Zinaota. Kikung'uto cha kwanza kikijaa, zinashuka cha pili, na cha tatu, hata mtulingani, na zikipita hapo zimeingia kifuani na hakuna wa kuzifuata.

Ugonjwa wenyewe Wadachi wanauita kwa jina la kaa wa pwani. Waarabu wa mjini wanasema saratani. Sisi tulikuwa tunasema donda ndugu, tukiuchanganya na madonda mengine yasiyo na hatia.

Tangu hapo nilijua kusoma shingo kinyumenyume. Mdomo wa chini na ncha ya ulimi hupeleka mbegu zake chini ya kidevu. Pembe za ulimi na shavu huzipeleka chini ya taya, na mara nyingine huruka kituo hicho, zikatua katikati ya shingo. Ugonjwa ulio juu nyuma ya pua hutokeza mtoki nyuma kabisa, chini ya sikio, na mwenyewe anasema anasikia kama maji sikioni. Kidonda kikivuka katikati ya ulimi, tazama pande zote mbili. Na swali lililo kubwa kuliko yote, ambalo Bwana Mganga aliuliza kabla hajaweka kalamu chini, nasi tukalibakiza kwa Kiswahili chake, lilikuwa hili: linatembea?

Kama uvimbe unasogea chini ya kidole, bado uko ndani ya ganda lake. Kisu kinaweza kuutoa pamoja na kidonda chake, na mtu akaishi, pengine kwa ulimi mfupi. Ukiwa umeganda, umekwisha kushika msuli na ule mshipa mkubwa wa damu, na kisu kikiufuata huko kitamaliza kazi mapema kuliko ugonjwa. Wa fundi Makame ulikuwa umeganda. Tulimzika kabla ya kiangazi, na kanzu aliyokuwa akinishonea ilimalizwa na mtu mwingine, mikono haikulingana.

Mzee Feruzi alirudi kwao pwani akafia huko. Mimi nikawa mkubwa wa wasaidizi, na nikaoa Bigwa, chini ya mlima, binti wa Kiluguru anayeitwa Zena. Hapa ndipo lazima nieleze mambo ya wakwe, kwa kuwa baadhi yenu mmetoka mbali na mtadhani sisi ni wendawazimu.

Kwa watu wa nyumba ile, mkwe mwanamume na mama mkwe hawatazamani. Akija njiani, wewe unaingia majanini. Ukifika kwake unaketi kwa kumpa mgongo, naye anajitanda kanga usoni, na neno lolote mlilo nalo linapita kwa mtu wa tatu. Kumwona mama mkwe akila ni aibu, na kumwona kinywa wazi ni aibu isiyosemeka. Mwalimu wa msikitini aliniambia dini haina neno, mama mkwe ni maharimu wangu kama mama yangu mzazi. Ni kweli. Ila dini ilipofika Bigwa iliikuta aibu ya wakwe imekwisha kujenga, ikapewa chumba cha uani.

Basi mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, nilimjua kwa sauti na kwa mikono. Alikuwa na mikono mizuri, myembamba, yenye kulima. Alinipenda. Kila mavuno alimwagiza Zena: “Mpe mkwe wangu haya, mwambie mahindi ya mwaka huu ni matamu.” Na alibwia ugoro wa magadi, shavuni upande wa kulia, tangu ujana wake.

Ilianza kwa maneno madogo. Zena alirudi kutoka Bigwa akasema mama siku hizi anatafuna upande mmoja. Mara nyingine akasema mama ameacha pilipili. Kisha akaja siku moja, akatua kikapu, akasema kama anayezungumza habari za hali ya hewa:

“Baba Asha, mama ana mtoki hapa chini ya taya. Hata haumuumi.”

Nikamwambia kesho yake amlete spitali. Alikwenda, akarudi peke yake.

“Amekataa. Anasema angekuwa mtu baki mwenye kazi hiyo, angekwenda hata leo. Lakini pale spitali yupo mkwe wake. Atawezaje kufumbua kinywa mbele ya mkwe?”

Fikirini jambo hilo. Wilaya nzima ilikuwa na spitali moja, na spitali hiyo ilimfungia mlango mwanamke mmoja tu, kwa sababu alikuwa amenioza binti yake. Nikasema nitakaa nyumbani, Bwana Mganga atamtazama mwenyewe. Lakini Bwana Mganga alikuwa ameitwa kwenye kambi za wajenzi wa reli huko mbele ya Kilosa, watu walikuwa wanakufa kwa kuhara, na hakuna aliyejua atarudi lini. Shingo zote za Morogoro zilikuwa mikononi mwangu, isipokuwa moja.

Ndipo nikamfundisha Zena. Nilitoa ngozi ya mbuzi, kunde na changarawe, nikamfunga macho kwa kanga yake mwenyewe. Alicheka mwanzoni. Kisha nikaketi kigodani yeye akasimama nyuma yangu, akajifunza njia yote juu ya shingo yangu, kidevu, taya, msuli, mtulinga. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Alishika kazi ile upesi mno, na kwa kuwa nilijua haraka yake ilikuwa ya mama yake, sikumsifu.

Alipokwenda Bigwa alikaa kutwa. Aliporudi alinawa, akaketi mbele yangu.

“Kidonda kipo, pembeni ya ulimi, kulia. Kina kingo. Na mtoki ni mmoja, mgumu kama kokwa ya ukwaju.”

“Mwingine hakuna? Kushoto? Chini?”

“Nimetafuta mara mbili. Hakuna.”

“Linatembea?”

Akafumba macho, kana kwamba bado ameushika. “Linatembea. Nikisukuma linaondoka, nikiacha linarudi.”

Nililia kwa furaha, naye akashangaa, maana alidhani amebeba habari mbaya. Reli ilikuwa imekwisha kufika mjini kwetu. Tungeweza kumpandisha gari la moshi mpaka Dar es Salaam, ambako kuna waganga wakubwa, hakuna mkwe, na kisu kingeitoa ile kokwa pamoja na kidonda. Zena akarudi Bigwa siku ya pili na maneno hayo. Bi Mwantumu alifikiri mpaka uji ukapoa, kisha akasema:

“Mwambie mume wako nimekubali. Nitakwenda. Na kama kuna haja, naye anitazame. Nimezeeka, aibu nitaiweka kando.”

Lakini kwa Waluguru mwanamke ni wa ukoo wake, na mwenye kauli ni kaka yake. Kaka wa Bi Mwantumu aliitwa mzee Sefu. Alikuwa mndewa, yaani mkuu wa ukoo, mtu wa haki katika mambo ya mashamba, mwenye sauti ya chini. Nilikwenda kwake mwenyewe. Aliniweka barazani, akanipa maji.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mkwe wetu. Nimesikia. Unataka kumpeleka dada yangu kwenye visu vya Wadachi.”

“Nataka apone, mjomba. Ugonjwa huu naujua. Sasa hivi uko mahali pamoja. Hautakaa mahali pamoja.”

“Unamuuma?”

“Haumuumi. Hiyo ndiyo dalili yake mbaya.”

Akanitazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe kipofu. “Miaka yote hii nimeona watu wakiuawa na maumivu. Wewe ndiye wa kwanza kuniogopesha kwa kitu kisichouma.” Kisha akanieleza neno lake. Mama yao mkubwa alikuwa amefariki huko juu Matombo. Matanga hayajaanuliwa. Mpaka yaanuliwe, mtu wa ukoo hasafiri mbali, hatoi damu, na mwiko wa wakwe hauvunjwi. Matanga yakishaanuliwa, nilete nguo ya kitambi na jogoo mweupe, yeye mwenyewe atatuketisha, mimi na dada yake tutanawa mikono katika chungu kimoja, tufunuliane nyuso, na baada ya hapo nimpeleke ninakotaka.

“Mjomba, matanga yataanuliwa lini?”

“Ndugu wa Matombo wakishuka.”

“Na mvua hizi?”

“Basi mvua zikipungua.”

Nilimwomba. Nilipiga magoti, jambo ambalo sikulifanya hata bomani. Nilimweleza habari za vikung'uto na mbegu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema kwamba akiruhusu, na mtoto yeyote wa ukoo akafa mwaka huo, watasema ni yeye aliyevunja matanga kwa ajili ya dada yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa watu wengi kuliko alivyoogopa uvimbe mmoja. Nusu ya haki niliipata: aliahidi kwamba hakuna atakayemchanja chale, na ahadi hiyo aliitimiza.

Masika yale yalikuwa mazito. Mlima ulijificha ndani ya mawingu, mto ukabeba mawe, njia za Matombo zikaporomoka. Zena alikwenda Bigwa kila alipoweza kuvuka. Akirudi, kabla hajavua kanga iliyolowa, namuuliza swali lilelile.

“Linatembea.”

Mara ya pili: “Linatembea, lakini limekua.”

Mara ya tatu alisema limepata mwenzake, chini kidogo, kando ya msuli. Huyo naye anatembea. Nikawa sili vizuri. Nilikwenda tena kwa mzee Sefu, akaniambia ndugu wameleta habari kwamba wanajiandaa. Nilimchukia siku ile, na sijui kama nimeacha.

Kisha siku moja Zena akarudi. Aliketi akaanza kuchambua mchele. Nikamuuliza. Akasema vidole vyake vilikuwa na baridi, labda hakushika vizuri.

Mvua zilipungua, ndugu wakashuka, matanga yakaanuliwa. Nilibeba kitambi na jogoo mpaka Bigwa. Watu wa ukoo waliketi uani, mzee Sefu katikati, chungu cha maji mbele yake. Bi Mwantumu alitoka ndani akiongozwa na Zena, amejitanda. Tukanawa mikono katika maji yale, vidole vyetu vikagusana kwa mara ya kwanza. Mzee Sefu akasema maneno ya ukoo, akasema tangu leo huyu ni mtoto wenu wa kuzaa. Kisha Bi Mwantumu akaiteremsha kanga.

Alikuwa amefanana na Zena. Hakuna aliyewahi kuniambia. Macho yaleyale, paji lilelile, na shavu la kulia limefura, na chini yake shingo imejaa kama mtu aliyemeza kitu kikakataa kushuka. Akanitazama bila haya. Alikuwa na hamu ya kuniona, nadhani, kama mimi nilivyokuwa na hamu.

Nikamketisha kigodani mbele ya wote, nikasimama nyuma yake. Kidevu, taya, msuli, mtulinga. Nilirudia mara ya pili. Zena alikuwa ameshika tama, anatazama chini.

Bi Mwantumu aliinua mkono wake akaushika wangu, hapohapo shingoni.

“Mwanangu,” alisema, na ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yalitoka nusu, “linatembea?”

Siku zote alikuwa akilisikia swali lile kwa Zena. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote uani. Nimewadanganya wagonjwa wengine, tena kwa moyo mweupe. Yeye sikuweza.

“Halitembei, mama.”

“Yote?”

“Yote.”

“Wakati ule niliposema nitakwenda. Lilikuwa linatembea?”

“Lilikuwa linatembea, mama.”

Akaachia mkono wangu. Aligeuza uso akamtazama kaka yake, aliyekuwa ameketi karibu na chungu, akamtazama kwa muda. Kisha akaivuta kanga, akajitanda uso upande ule aliokuwa kaka yake, upande wangu akauacha wazi.

Bwana Mganga aliporudi kutoka Kilosa alikuja mwenyewe Bigwa. Alipapasa kwa uangalifu mkubwa, akanitazama juu ya kichwa cha mgonjwa. Alinipa matone ya afyuni na ruhusa ya kutokwenda kazini. Tukamuuguza mimi na Zena. Ngozi ya shingo ilipopasuka nilikuwa nikiosha na kufunga asubuhi na jioni, na nilimlisha uji mwepesi kwa kijiko, mimi ambaye zamani sikuruhusiwa kumwona akila embe. Tulizungumza sana. Aliniuliza habari za kwetu pwani, akaniambia Zena alivyokuwa mtundu alipokuwa mdogo. Siku za afyuni kidogo alicheka. Naona uchungu kusema kwamba zilikuwa siku nzuri, lakini nitakuwa mwongo nisiposema.

Mzee Sefu alikuja kila siku. Akiingia tu, kanga inapanda. Alikuwa akiketi nje ya mlango kwa kumpa mgongo, na maneno yake yalipita kwa Zena. “Mwambie dada yangu nimeleta asali.” “Mwambie mama yako kiazi cha bondeni kimetoka.” Naye alijibu kwa Zena vivyo hivyo, kwa adabu, bila tusi wala lawama: mwambie ahsante, mwambie kiazi kivunwe mapema. Niliwahi kumwomba Bi Mwantumu amsamehe. Alisema hana ugomvi naye, ila anamwonea aibu.

Kwenu nyinyi mnaobaki, sina la ziada. Mtu akija na mtoki wa shingo usiouma na usioondoka, msiusifu kwa utulivu wake. Fungueni kinywa, inueni ulimi, tazameni pembeni na chini na nyuma. Msichanje. Ulizeni kama linatembea, na likiwa linatembea msikubali kuambiwa ngoja na mtu yeyote, awe mndewa, awe akida, awe mama mgonjwa mwenyewe. Na kama mgonjwa hataki kuwafumbulia ninyi kinywa, wafundisheni wanawake wa nyumba yake. Wanawake wa Bigwa sasa humpelekea Zena shingo zao wakienda kuteka maji.

Bi Mwantumu alifariki asubuhi, mwanzoni mwa kiangazi. Wanawake walimwosha, Zena akamfunga kidevu kwa kitambaa cheupe, akamfunika. Kabla hatujamtoa, mzee Sefu alikuja mlangoni. Hakuketi. Alimwomba Zena amfunulie uso wa dada yake amuage, kama kaka yeyote alivyo na haki ya kuaga. Wote tulimtazama Zena. Alikuwa ameshika ukingo wa sanda, na nilidhani atafunua, kwa kuwa ni mjomba wake na alikuwa akilia.

“Hajaniagiza, mjomba,” alisema Zena.

Mzee Sefu akasimama pale kidogo. Kisha akageuka, akaketi chini nje ya mlango kwa kutupa sisi mgongo, na ndivyo alivyokaa mpaka tukampitisha dada yake.